Onyesho Moja Ndani ya Filamu Uipendayo

Kwa miaka mingi, mtu aliponiuliza ni filamu gani ninayoipenda kuliko zote, nilimjibu "Sholay", filamu ya Kihindi ya mwaka 1975, bila kufikiri, na aliponiuliza sababu nilimwambia ni mapigano. Jibu la kwanza lilikuwa la kweli. La pili halikuwa, na nilichukua zaidi ya miaka kumi kulitambua hilo. Nalieleza hapa kwa sababu naamini kwamba anayetaka kukuza ladha yake ya filamu hana budi kuanzia pale alipoanza kupenda, badala ya kukimbilia orodha za filamu bora zilizopangwa na watu wasiomjua.

Niliiona mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika banda la video mtaani kwetu Magomeni, kwa kiingilio cha shilingi 100, nikiwa nimebanwa kwenye benchi kati ya vijana walionizidi umri. Mkanda tulioonyeshwa ulikuwa umeingizwa sauti ya mtafsiri, naye hakutafsiri tu, bali alisimulia, alitania, aliwabatiza wahusika majina ya mitaani na kuziba kila upenyo wa ukimya kwa maneno yake. Siwabezi watafsiri wale, kwani bila wao Kihindi kingenipita juu ya kichwa. Sisi watazamaji tulikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: steringi hafi. Kwa hiyo Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, alipokata roho mbele ya rafiki yake, banda zima lilinyamaza, kisha mmoja wetu akasimama kudai arudishiwe mia yake.

Nilipoitazama tena nikiwa mtu mzima, bila mtafsiri, nilikutana na filamu nyingine kabisa. Jioni inaingia, Jai ameketi nje akipuliza kinanda cha mdomo, na ng'ambo, kwenye varanda ya nyumba kubwa, Radha, mjane mwenye sari nyeupe aliyeigizwa na Jaya Bhaduri, anazima taa moja baada ya nyingine. Hawasemezani hata neno moja. Bandani, mtafsiri alikuwa ametia mzaha mahali pale na sote tukacheka. Safari hii niliirudia sehemu hiyo mara tatu. Nikakumbuka pia jinsi Gabbar Singh, jambazi wa filamu hiyo, anavyoingia, kwamba kabla hujaiona sura yake unaona viatu vyake na kuusikia mkanda anaouburuta ukikwaruza mwamba. Kumbe nilichokuwa nikikipenda tangu utotoni ni zile nyakati ambazo filamu inaacha kusema na kuonyesha tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: usijiulize unapenda filamu gani, jiulize unapenda onyesho gani, kisha liandike kwenye daftari kwa sentensi tatu au nne, bila kutumia neno "nzuri" wala neno "kali". Utashangaa jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Maneno hayo mawili yakiondolewa, unalazimika kutaja mkono ulikuwa wapi, nani alikuwa akimtazama nani, na ni sauti gani iliyosikika.

Onyesho hilo ndilo litakalokuchagulia filamu inayofuata. Rafiki yangu aliwahi kuniazima "Ladri di biciclette", filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 kuhusu mtu wa Roma aliyeibiwa baiskeli, nikasinzia kabla ya kufika nusu. Nilipoirudia baadaye nikiwa nimeshajua macho yangu yanatafuta nini, sikupepesa. Mke anaweka rehani mashuka ya nyumbani ili baiskeli ya mumewe ikombolewe, na karani analichukua furushi lile na kupanda nalo juu, juu zaidi, kwenye rafu zilizosheheni mamia ya mafurushi ya watu wengine. Hakuna anayehutubia kuhusu umaskini. Kupanda kwa yule karani kunatosha.

Njia nyingine ni kuwafuata waandishi. "Sholay" iliandikwa na Salim Khan na Javed Akhtar, ambao mwaka huohuo wa 1975 walitoa pia "Deewaar", na humo nako steringi anakufa, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba ile sheria yetu ya bandani ilinifurahisha zaidi ilipovunjwa.

Lakini filamu uipendayo inaweza pia kukupofusha, na katika hili nina deni. Kwa muda mrefu nilimpima kila adui wa kila filamu kwa kipimo cha Gabbar, na filamu za nyumbani nilizidharau kwa madai kwamba ni maneno matupu, ilhali nilikuwa nimeona chache tu, tena kwa jicho moja, safarini ndani ya basi. "Vuta N'kuvute", riwaya ya Shafi Adam Shafi, niliisoma kidato cha tano kwa ajili ya mtihani. Nilipoiona filamu aliyoitoa Amil Shivji mwaka 2021, nikawaona Yasmin na Denge wakitazamana katika Unguja ya wakati wa mkoloni, niliona haya. Ukimya niliousaka hadi Roma ulikuwa ng'ambo tu ya bahari kutoka Dar es Salaam.

Siku hizi nalijaribu swali langu kwa wengine. Mpwa wangu wa miaka 14 hataki kusikia filamu isiyo na magari yanayokimbizana. Nilipomuuliza ni onyesho gani hasa, hakutaja mbio hata moja. Alinieleza habari ya fundi aliyejifuta mikono kwa kitambaa cheusi cha grisi, polepole, kidole kimoja kimoja, kabla ya kumwambia mwenye gari kwamba injini haiponi. Jumamosi hii nimemwalika aje kwangu kutazama ile ya baiskeli. "Mjomba, baiskeli?" aliniuliza, kisha akataka kujua kama humo mna fundi.