Ameambukizwa, lakini haambukizi

Shangazi yangu alikuwa na kikombe chake cha plastiki cha kijani, amekichora msalaba kwa kalamu ya wino chini ya kitako ili mtu mwingine asikitumie. Sahani yake ilikaa peke yake juu ya friji. Wiki tatu nzima hakumbeba mjukuu wake wa miezi minane. Mtoto akitambaa kumfuata, yeye anageukia ukutani na kujifunika mdomo kwa kitenge. Yote hayo yalitokana na mimi. Ndimi niliyemtafsiria kliniki, na nilimtafsiria vibaya.

Alikuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, na hana hata miezi miwili hapa Kentucky. Mimi nilikuwa nimetangulia. Kiingereza cha dukani na cha kazini nilikuwa nacho, nikadhani kinatosha hospitali. Muuguzi alisema “latent TB infection”, akaongeza “not contagious”. Niliposikia TB masikio yakaziba. Nikamgeukia shangazi nikamwambia, “Wamekukuta na kifua kikuu.” Yale maneno mawili ya mwisho nikayaruka, kwa sababu sikuyajua na niliona aibu kuuliza.

Siku hizi ukalimani wa hospitali ndiyo kazi yangu. Naandika haya kwa ajili yako wewe unayemsindikiza mama, mjomba au jirani kwa daktari, kwa sababu hutapata muda wa kufungua kamusi mkiwa mle ndani.

Jambo la kwanza nililokuja kulielewa ni kwamba Kiswahili chetu kilikuwa na jibu tangu mwanzo, na limekaa kwenye herufi moja: w. Mtu aliyeambukizwa vimelea vimeingia mwilini mwake. Mtu anayeambukiza anavitoa kwa wengine. Kwa Kiingereza wa kwanza ni “infected”, wa pili ni “contagious”. Shangazi alikuwa ameambukizwa, lakini haambukizi. Vimelea vimelala, ndiyo maana ya “latent”: hakohoi, hana homa, eksirei ya kifua safi, ila kipimo cha damu kinaonyesha vimo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu wote duniani wana vimelea hivyo, na wengi wao hawataugua kamwe. Laiti ningesema sentensi hiyo moja siku ile, kile kikombe kisingepigwa msalaba.

Hapo hapo, mkumbushe mgonjwa wako aseme kama utotoni alichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu begani. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha kuchoma ngozi kivimbe hata kama mtu hana vimelea. Kipimo cha damu hakidanganywi nayo.

Sasa, “infectious” na “contagious”. Watu wengi huyachanganya, hata wazaliwa wa Kiingereza wakiwa kwenye mazungumzo ya kawaida. “Infectious” ni ugonjwa wowote unaoletwa na vimelea, kwa njia yoyote ile. “Contagious” ni ule unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Asili yake ya Kilatini ni kugusana. Kwa hiyo malaria ni “infectious”, lakini ukilala kitanda kimoja na mgonjwa wa malaria hutaipata kwake, mpaka mbu awe kati yenu. Pepopunda vivyo hivyo: vimelea vinaingia kwenye kidonda, wala hakuna aliyewahi kuipata kwa kushikana mkono na mgonjwa. Surua ni vyote viwili, na kwa ukali. Kwenye fomu utakutana pia na “communicable”. Hilo ni neno la ofisini, nalo kwetu ni ugonjwa wa kuambukiza.

Mitaani husikii maneno haya makubwa. Utasikia “I caught a cold”. Angalia jinsi lugha zinavyopishana: sisi tunashikwa na mafua, wao ndio wanaoyadaka. “I’m coming down with something” maana yake naona kuna ugonjwa unaninyemelea. “Something is going around” ni kwamba kuna ugonjwa umeingia mtaani. Jifunze haya, kwa sababu daktari atakuuliza kwa lugha hiyo hiyo, na ukikosa kuelewa utajibu ndiyo ili mradi yaishe.

Neno lililowaumiza wazazi wengi ninaowafahamu ni “exposed”. Shule inatuma barua: “Your child may have been exposed to measles.” Jirani yangu aliiweka kwenye programu ya kutafsiri ya simu, ikamwambia mtoto wake amefunuliwa kwa surua. Akaelewa kwamba mtoto anaumwa na shule imemfichua mbele ya wenzake. Alikuja mlangoni kwangu akitetemeka, barua imekunjwa mpaka imekuwa kama kipande cha kitambaa. Nikamsomea: huenda mtoto wako alikuwa karibu na mwenye surua. Basi, ndicho kilichoandikwa. Haijasema anaumwa wala haijasema ana kosa. Kinachofuata ni kutafuta kadi ya chanjo.

Na kadi hiyo ina uzito, kwa sababu ndipo yanapoingia maneno mawili ambayo sisi tunayaita yote karantini. “Isolation” ni kumtenga aliyekwisha kuugua. “Quarantine” ni kumweka kando ambaye hajaugua, lakini alikuwa karibu na mgonjwa. Kwa surua, mtoto mgonjwa anakaa nyumbani hadi siku 4 zipite tangu vipele vitokee. Ndugu yake ambaye hajachanjwa, na ambaye anarukaruka uani mzima kabisa, anaweza kuambiwa akae siku 21. Mzazi anaona ni uonevu: mgonjwa arudi shule, mzima abaki! Lakini wa kwanza siku zake za kuambukiza zinajulikana zinaisha lini. Wa pili, ugonjwa unaweza kuwa umejificha ndani yake, na mwenye surua anaanza kuambukiza siku 4 kabla ya kipele cha kwanza kuonekana. “Quarantine” lenyewe limetoka kwa Waitalia, kwenye zile siku 40 ambazo meli zilisubirishwa bandarini wakati wa tauni. Mliochanjwa wote, mara nyingi mnaendelea na shule. Ndiyo maana nasema kadi za Nyarugusu, za Nakivale kule Uganda au za Dar msizitupe, hata zikiwa zimechakaa.

Mengine nayataja haraka. “Stomach flu” si mafua, ni kuhara na kutapika. “Ringworm” haina mnyoo ndani yake. Ni choa, na ikiwa kichwani kwetu ni mapunye. “Pink eye” ni macho mekundu. “Chickenpox” ni tetekuwanga, kuku hausiki.

Ukiwa mbele ya daktari, hata kama Kiingereza chako kinayumba, beba maswali matatu. “Is it contagious?” “For how long?” “Who at home needs a test?” Yaandike kwenye kiganja ikibidi. Na ukumbuke kwamba una haki ya kuomba mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kukuwekea mmoja bila kukutoza. Usimtumie mtoto wa darasa la tano kumwambia mama yake habari za TB. Mimi nilikuwa mtu mzima na bado nilikosea.

Shangazi tulimrudisha kliniki. Safari hii tulikuwa na mkalimani kwenye simu, mama mwenye sauti ya taratibu, na shangazi akamuuliza mara tatu, “Mikrobe zimelala kweli?” Zimelala, akajibiwa, na dawa ni ya kuziua kabla hazijaamka. Alipewa rifampin ya kila siku kwa miezi 4, akaonywa kwamba mkojo na machozi vitakuwa rangi ya chungwa asishtuke. Kabla hatujaondoka niliomba karatasi yenye sahihi imeandikwa “not contagious”, ya kumpa mwajiri. Nakala yake tuliibandika kwenye mlango wa friji. Juu yake, pale ilipokuwa sahani, shangazi akaweka chupa ya chai, na mjukuu alikuwa mgongoni kwake.