Usimfanye mtoto mkalimani wako shuleni

Katika familia nyingi za Kikongo ninazokutana nazo hapa Kentucky, Marekani, wa kwanza kukishika Kiingereza ni mtoto. Wazazi wanakesha kazini kwenye maghala, yeye anashinda shuleni, na muda si mrefu barua zote za nyumbani zinapita mikononi mwake: ya umeme, ya mwenye nyumba, ya shule. Wazazi wanajivunia, na wana haki. Ila mimi ninayefanya ukalimani mashuleni ningeomba barua ya shule itolewe kwenye kazi zake.

Kwenye kikao kimoja cha wazazi na walimu nilikuwa meza ya jirani. Mwalimu alieleza kwa kirefu kwamba kijana anasinzia darasani, hafanyi kazi za nyumbani na hesabu zinamshinda. Kijana akamgeukia mama yake: "Anasema niko muzuri, niongeze tu nguvu kidogo." Mama akashukuru sana. Simlaumu yule kijana. Nani angejishtaki mwenyewe?

Karatasi ya alama ilionyesha asilimia 62, nayo haikumshtua mama. Mzazi aliyesoma Fizi au Uvira, mashariki mwa Kongo, au ambaye wanawe walianzia shule za Wakongo katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, amezoea mtaala wa Kongo: hamsini umepita, sitini na kitu si haba. Katika shule nyingi za Marekani 62 ni D, pua na mdomo na kufeli. Mtoto hawezi kumweleza mama yake tofauti hiyo, na pengine hataki. Mkalimani aliye mtu mzima atamwomba mwalimu afafanue.

Kuomba mkalimani si kuomba fadhila. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya asili yake, na mwaka 1974 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, ilikubali kwamba kumwacha mtoto darasani bila msaada wa lugha ni kumnyima elimu. Kwa vikao vya mtoto mwenye mahitaji maalumu, sheria inamtaja kabisa mkalimani wa mzazi. Hulipi chochote.

Piga simu shuleni siku kadhaa kabla. Sema "Kiswahili cha Kongo", maana Mtanzania kama mimi na mzazi wa mji wa Baraka kule Kongo huwa tunapishana hapa na pale. Kama Kinyamulenge au Kibembe ndiyo lugha unayoielewa zaidi, taja hiyo kwanza. Wakalimani wa Kibembe ni wachache, lakini shule isipojua haitatafuta. Siku ya kikao asipotokea mtu, mwambie mwalimu atafute mkalimani wa simu.

Hospitalini ni hivyo hivyo, tena zaidi. Binti wa miaka kumi na moja hapaswi kuwa wa kwanza kusikia habari za kizazi cha mama yake.

Na wale wanaowashauri wazazi waache lugha zao nyumbani ili mtoto awahi Kiingereza (wengine ni walimu wenye nia njema kabisa), wasikilizeni kwa adabu kisha mwendelee na Kiswahili chenu. Kiingereza atakipata shuleni kutwa. Kwenu anahitaji mtu wa kumweleza mambo kwa undani, kumkanya, kumtania, na hayo huyawezi kwa lugha unayoiokoteza.

Ukishakaa na mkalimani, mtazame mwalimu, usimtazame mkalimani. Sema maneno machache, nyamaza, subiri. Usiulize tu kama mtoto ana adabu, swali wanaloanza nalo karibu wazazi wote. Uliza anasoma kwa kiwango cha darasa la ngapi, na kama alama hizi zitamvusha mwaka huu au la.