Watoto, Mashindano na Michoro ya Jadi ya India: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba. Mfadhili mmoja ambaye wazee wake walitoka India ameahidi kugharamia mashindano ya uchoraji kwa wanafunzi wetu, kwa sharti kwamba wachore kwa mitindo ya jadi ya India, ili sanaa hiyo isisahauliwe na vizazi vilivyozaliwa mbali nayo. Mpango uliopo ni kuwapa watoto karatasi, rangi na saa mbili, kisha kuwatuza washindi watatu. Baadhi ya wazazi wanahofu kwamba michoro hiyo imefungamana na ibada za dini nyengine, na mimi binafsi sina hakika kama mashindano yanaweza kufufua sanaa. Naomba mwongozo.

JIBU: Waalaikumu salaam, Mwalimu. Mashindano yanaweza kusaidia, lakini si kwa mpango huo. Ndani ya saa mbili watoto watanakili picha walizoonyeshwa, watatu watafurahi, waliobaki watarudi nyumbani, na wiki ya pili hakutakuwa na hata mmoja anayeendelea kuchora. Sanaa ya jadi hufufuka pale mwenye kuijua anapopata nafasi ya kumfundisha asiyeijua, na pale kazi yake inapohitajiwa na watu. Kwa hiyo mashindano yafaa yaje baada ya mafunzo, wala yasikae mahali pa mafunzo.

Historia ya michoro ya Mithila, ambayo wengi huijua kwa jina la Madhubani, wilaya iliyomo katika jimbo la Bihar, inalionyesha jambo hili waziwazi. Kwa vizazi vingi wanawake waliichora juu ya kuta za udongo za nyumba zao, hasa katika chumba cha maharusi kiitwacho kohbar ghar, na binti alijifunza kwa kukaa karibu na mama na bibi yake wakati wakichora. Hali hiyo si ngeni kwetu, kwani hata hina na piko anazopambwa bibi harusi wa Kipemba hazikuandikwa kitabuni, bali zimo mikononi mwa mpambaji, na binti huzipata kwa kumsaidia. Mwaka 1934 tetemeko kubwa la ardhi lilibomoa nyumba nyingi za Bihar, na ofisa wa serikali ya kikoloni, William Archer, alipokuwa akikagua hasara aliiona michoro hiyo kwenye kuta zilizobaki wazi, kisha akaipiga picha na baadaye kuandika habari zake. Wasomi wakaijua, lakini wachoraji wenyewe hawakupata riziki yoyote kwa kujulikana huko. Mabadiliko yalikuja ukame ulipoikumba Bihar katika miaka ya 1966 na 1967, ambapo Bodi ya Kazi za Mikono ya India, kwa juhudi za Bibi Pupul Jayakar, ilimpeleka msanii Bhaskar Kulkarni vijijini akiwa na karatasi, awashawishi wanawake kuihamisha michoro yao kutoka ukutani ili iweze kuuzwa. Hapo ndipo walipotokea kina Jagdamba Devi, Sita Devi na Ganga Devi, ambao wote watatu walikuja kutunukiwa nishani ya Padma Shri na serikali ya nchi yao.

Tazama, Mwalimu, kilichoiinua sanaa ile: ilipatikana karatasi, wakapatikana wanunuzi, na walikuwapo wanawake walioijua kazi hiyo tangu utotoni. Nyinyi mnayo karatasi tayari. Mnaowakosa ni wajuzi, na fedha za mfadhili, kwa maoni yangu, zitumike kwanza kuwatafuta. Katika familia zenye asili ya Gujarat na Kutch zilizopo Unguja na Pemba wapo akina mama wanaojua kudarizi, na miongoni mwa Wahindu wapo wanaochora rangoli, yaani mapambo ya unga wa rangi, kizingitini wakati wa Diwali. Mmoja wao akikubali kukaa na watoto kila wiki kwa muda wa muhula mmoja, mtakuwa mmefanya jambo kubwa kuliko tuzo kumi.

India yenyewe inayo mashindano ya watoto ya siku nyingi. Mchora katuni K. Shankar Pillai aliyaanzisha ya kwake mwaka 1949, na mwaka uliofuata yakafunguliwa kwa watoto wa nchi nyengine. Huko mtoto huachiwa achore lililomo moyoni mwake, jambo ambalo ni jema, ila lengo lake si lengo lenu. Lililo karibu zaidi nanyi ni tamasha la Kala Utsav, lililoanzishwa na serikali ya India mwaka 2015 kwa wanafunzi wa sekondari, ambalo hutilia mkazo sanaa za asili za majimbo, na mshindani hupanda kutoka ngazi ya skuli hadi ya taifa, hivyo akapata muda wa kuirudia kazi yake.

Kuhusu hofu ya wazazi, nasihi yangu ni kuwaeleza ukweli bila ya kuficha. Michoro mingi ya Mithila huonyesha miungu ya Kihindu kama Rama na Sita au Krishna, na mchoro wa harusi wa Wawarli, jamii ya wenyeji wa jimbo la Maharashtra, huwa na sura ya mungu wao wa kike aitwaye Palaghata. Hayo ni ya wenyewe, na tunayaheshimu bila ya kuwalazimisha watoto wetu kuyachora. Lakini sanaa ya Warli ina sehemu nyengine pana, nayo ni ya mavuno, uwindaji, wanyama, miti, na ngoma inayochezwa kwa duara kumzunguka mpuliza tarpa, ala yao ya kupuliza. Mtu huchorwa kwa pembetatu mbili zinazokutana ncha, kichwa ni duara, viungo ni mistari. Rangi ni moja tu, nyeupe ya mchele uliosagwa na kuchanganywa na maji na gundi, inayopakwa kwa kijiti cha mwanzi juu ya ukuta uliosiribwa udongo mwekundu. Udongo mwekundu Pemba haununuliwi, na unga wa mchele umo katika kila jiko, kwa hiyo ningeanza na mtindo huu.

Msiogope pia watoto wakichora maisha yao. Ganga Devi alikwenda Marekani na kuichora safari yake kwa mistari ileile ya Mithila, na alipougua saratani aliyachora pia maradhi yake na hospitali. Mtoto wa Wete anayechora uchumaji wa karafuu kwa kanuni za Warli, na akataja wazi kwamba mtindo huo ni wa Wawarli, ameifahamu sanaa ile vizuri kuliko anayenakili tembo asiyewahi kumuona. Waamuzi wampe nusu ya alama kwa mchoro, na nusu kwa kueleza kwa mdomo mtindo umetoka wapi, nani huuchora na kwa nini. Kazi zote zitundikwe, si za washindi peke yao.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa huweka karatasi juu ya kioo cha simu na kufuatisha mistari ya picha. Je, nimkataze? (Mama, Michenzani)

JIBU: Usimkataze, dada yangu, ila mtenganishe na kioo hatua kwa hatua. Kunakili ni njia ya zamani ya kujifunza, madhali jicho ndilo linalopima na mkono unafuata. Kioo humwondolea kazi hiyo ya kupima. Mwache aitazame picha, aifunike, kisha achore anachokumbuka.

SWALI: Wazee wangu walitoka Kutch. Kwa nini kila mara huonyeshwa Madhubani na Warli tu? (Msomaji, Mji Mkongwe)

JIBU: Lalamiko lako ni la haki, Bwana, na ningependa wenye mashindano walisikie. Katika kijiji cha Nirona, Kutch, ukoo wa Khatri, ambao ni Waislamu, umeihifadhi kazi ya rogan. Mafuta ya mbarika huchemshwa mpaka yakawa mazito, hutiwa rangi, kisha fundi huyavuta kama uzi kwa kijiti cha chuma na kuulaza uzi huo juu ya kitambaa bila ya ncha kukigusa. Hupamba nusu moja, hukikunja kitambaa, na pambo likajichapa upande wa pili. Kuchemsha mafuta si kazi ya watoto, lakini kupamba nusu ya karatasi kwa rangi nzito na kuikunja ikiwa bado mbichi, hilo hata wa darasa la pili wanaliweza. Mapambo ya rogan aghalabu ni maua na matawi, na mfano wa mkono wa mafundi wa Kihindi upo hapohapo mjini kwenu: roshani za mbao zilizonakshiwa katika jengo la Zahanati ya Zamani, lililoanzwa kujengwa mwaka 1887 kwa fedha za Tharia Topan, tajiri aliyezaliwa Kutch. Wapelekeni watoto na penseli wakazichore roshani zile kabla ya kugusa rangi.