Nusu siku ya maji moto Mbeya: chagua upande mmoja, na mlipe mwenyeji

Kila ikifika Juni, Julai hivi, watu wanaokuja Mbeya kikazi wananitumia meseji ileile, nina nusu siku tu hapa kabla sijarudi Dar, nataka maji moto na yale mabwawa ya asili, naanzia wapi? Na wengi wanakuja na listi ndefu kabisa, maji moto Songwe, mapango ya popo, Daraja la Mungu, Kijungu, Ziwa Ngozi, na muda ukibaki kimondo cha Mbozi. Muda hautabaki asee. Jibu langu siku zote ni lilelile, chagua upande mmoja wa mji, toka alfajiri, na ukifika chukua mwenyeji wa palepale kijijini hata kama dereva uliyekodi anajiita mwongoza watalii.

Hii ya upande watu wanaichukulia poa sana kwa sababu kwenye simu ramani inaonyesha vitu viko jirani. Ukiwa Mbeya mjini, maji moto ya Songwe yako magharibi, unapita Mbalizi kama mtu anayeenda Tunduma. Daraja la Mungu na Kijungu viko kusini, unaenda mpaka Uyole, unakata kulia barabara ya Tukuyu, unapanda mpaka Isyonje na baridi lake ndo unashukia Kiwira. Sasa katikati ya hizo pande mbili kuna mji mzima wa Mbeya na barabara yake moja kubwa ambayo malori yote ya Zambia na Kongo yanapita humohumo, yani lori moja likigoma kwenye mlima pale Iwambi unakaa mpaka unamaliza karanga ulizonunua za kupeleka nyumbani. Ongeza na ujenzi wa njia nne. Mtu akikuahidi Songwe asubuhi na Kijungu kabla ya chakula cha mchana, huyo anakuuzia siti ya gari, hakuuzii tripu.

Na kabla hujafungua ramani, mito inayoitwa Songwe iko miwili. Mmoja unamwaga Ziwa Rukwa, ndo huu wa maji moto. Mwingine uko mpakani na Malawi kule Kasumulu, unaingia Ziwa Nyasa. Ukiandika tu Songwe halafu ukafuata mshale bila kuangalia unaweza ukajikuta unateremka Kyela. Kyela nako kuna maji moto, ya Kilambo, mazuri tu, ila sio ya nusu siku ukitokea mjini.

Haya, tuje Songwe yenyewe, maana kama ni maji moto ndo unayoyataka mi nakupeleka huku.

Ukishaacha lami ni vumbi, kiangazi nimeziona IST zikifika bila shida, masika tafuta gari ya juu au ahirisha. Bondeni kule ni joto kuliko mjini, kwa hiyo lile koti ulilotoka nalo Mbeya saa kumi na mbili unalivua. Ila usiliache nyumbani.

Chemchemi sio moja, zinatoka sehemu tofauti tofauti kando ya bonde la mto, nyingine vuguvugu tu, nyingine zinakaribia nyuzi 80 ambazo yai linaiva kabisa ukiwa na subira (ndio, watu wanachemsha mayai, na ndio, mi pia, beba na chumvi). Kinachonivutia zaidi ya maji ni yale mawe. Unakuta ngazi ngazi za mwamba wa rangi ya maziwa na kahawia, zimejipanga kama chapati za kusukuma. Ule mwamba umetengenezwa na maji yenyewe. Maji yanakuja toka chini yakiwa na moto na gesi ya ukaa, yameyeyusha chokaa huko yalikopita, yakitokeza juu gesi inakimbia na chokaa inabaki, tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Ndo maana kiwanda cha saruji kiko jirani hapo, malighafi ipo mlangoni. Na watafiti wanasema moto wenyewe hauko hapo, maji yanapashwa huko chini ya volkano ya Ngozi, ileile yenye Ziwa Ngozi juu yake, yanasafiri ardhini mpaka yanakuja kutokea Songwe. TGDC, ile kampuni ya serikali ya jotoardhi, inaitazama Ngozi kwa ajili ya umeme. Kwa hiyo hata usipofika Ziwa Ngozi siku hiyo, maji unayoshika Songwe yana uhusiano nalo, inatosha, tulia.

Kwanini nasema alfajiri? Sababu ya kwanza ni mvuke. Asubuhi ya Julai hewa bado ya baridi, mvuke unaonekana umesimama juu ya maji kabisa, picha zinatoka zenyewe. Saa nne jua likishapanda, mvuke unakuwa hauonekani, unabaki na vidimbwi vya maji masafi tu na jua la utosini, na wewe unaanza kujiuliza hivi ndo nimelipia hiki. Sababu ya pili malori, nimeshasema.

Swali ambalo kila mtu analo ni je, naogelea? Hapa nisikilize vizuri. Maji moto ya Songwe sio bwawa la hoteli, hakuna mtu aliyepima akaandika kibao. Maji yakiwa masafi hayakuambii yana moto kiasi gani, kidimbwi cha vuguvugu na cha kuunguza vinaweza kukaa jirani na vikafanana kabisa. Nyuzi 60 tu zinatosha kuharibu ngozi ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo unaingia pale tu mwenyeji anapokuonyesha, kwa kawaida ni kule ambako mkondo wa moto umeshatembea ukapoa au umechanganyika na maji ya baridi, unaanza na mkono, halafu miguu, ndo unakaa. Usisimame kwenye kingo za chemchemi kali, ule mwamba wa juu kuna sehemu ni ganda jembamba na chini yake kuna maji. Mtoto mdogo unamshika mkono muda wote, sio kumuita kwa mbali "wee Junia rudi!". Kichwa usizamishe, maana kwenye maji ya asili ya vuguvugu kuna ameba anayeingilia puani, ni nadra mno kumpata ila akishakupata kupona ni kwa bahati. Mwenye presha, mwenye moyo, mama mjamzito, loweka miguu tu, inatosha na raha yake ipo palepale. Mtoni nako muulize mwenyeji kuhusu mamba kabla ya kuvua viatu.

Mapango ya popo yapo upande huohuo na watu wengi wanayaunganisha. Nenda, ila mi naishia mlangoni. Harufu ni kali, sakafu ni kinyesi cha popo, na vumbi lake sio la kuvuta kifuani. Halafu popo wa matunda wanaokaa mapangoni ndo wanaojulikana kubeba virusi vya Marburg, vile vilivyoleta mlipuko Kagera 2023. Sisemi Songwe vipo. Nasema sioni cha kufuata kule ndani ambacho sikioni nikiwa nimesimama nje na tochi.

Sasa kwa mwenyeji, na hapa ndo napenda kubishana na watu. Unakuta mtu amelipa gari hela ndefu kutoka mjini, akifika kijijini anaambiwa amlipe na kijana wa pale anaanza kulalamika, si nimeshalipa tayari? Dereva wa mjini anajua barabara. Mwenyeji anajua wapi pa kukanyaga, maana mvua zikinyesha njia zinahama, chemchemi nyingine inaongezeka nguvu nyingine inafifia, na yeye kapita hapo jana akifuata ng'ombe. Niliwahi kwenda na kikundi, kampuni moja ya mjini imetupeleka, dereva akapaki, akanyoosha kidole kwenye kidimbwi kimoja chenye mifuko ya sabuni, akasema ndo hapa. Mzee mmoja wa pale alikuwa anapita na baiskeli, tukamuamkia shikamoo, tukamuomba atuonyeshe, akatuzungusha nyuma ya kichaka tukakuta ngazi za mwamba na chemchemi inachemka mpaka unasikia sauti. Wale wa kwenye kikundi waliobaki garini kwa sababu hawataki kuongeza hela mpaka leo wanasema Songwe hakuna kitu.

Njia nzuri ni kupitia ofisi ya kijiji kwanza, unasalimia, unajieleza, unauliza kama kuna kiingilio na nani anatembeza wageni, ukilipa unaomba risiti. Dakika kumi hazifiki na zinakuondolea ile hali ya vijana saba kukuzunguka kila mmoja anasema yeye ndo mwenyewe. Chenji beba za noti ndogo, mtandao wa simu kule usiutegemee kwa kutuma hela.

Na kampuni ya mjini kama unaitumia, wala sio vibaya hasa ukiwa mgeni kabisa, ongea nayo kabla hujatuma hata mia. Bei inajumuisha nini, mafuta, kiingilio, mwenyeji, maji ya kunywa? Gari ni yenu peke yenu au mnachanganywa na watu wengine mnawasubiri Mwanjelwa mpaka saa tatu? Mkichelewa kurudi kuna nyongeza? Leseni ya utalii wanayo, ile wengi wanaita TALA? Anayejibu hayo bila kununa, mpe kazi. Anayekwambia "usijali bosi tutaelewana" mi huwa namshukuru nakata simu. Na usilipe yote, toa nusu, nyingine mkirudi.

Kama roho yako iko kwenye mabwawa na maporomoko kuliko maji moto, basi achana na Songwe, enda Kiwira. Daraja la Mungu ni mwamba wa volkano uliobaki umekatisha juu ya mto Kiwira, maji yanapita chini yake, unatembea juu kama daraja la kawaida, na pembeni kijani mpaka macho yanauma, maana Rungwe mvua hainaga likizo. Ukiendelea mbele kidogo ndo Kijungu, mto mzima unaingia kwenye shimo la mviringo kama chungu, unazunguka, unachemka bila moto, halafu unapotea chini ya mwamba na kutokezea mbele. Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo unajiandikisha getini, una kitambulisho, unasindikizwa, na majengo na askari hupigi picha. Ukishafika chini piga unavyotaka. Kuogelea pale hakuna, hata usiulize, na wale wanaotaka kuruka kutoka ukingo huu kwenda ule kwa ajili ya video, mwamba una utelezi muda wote kwa sababu ya manyunyu. Viatu vya kushika chini, ndala ziache kwenye gari. Kutembea kwenyewe ni kufupi, muda wako mwingi ni barabarani, na ukirudi unasimama Kiwira unanunua parachichi na ndizi kwa bei ambayo mtu wa Dar anadhani amesikia vibaya.

Vya kubeba kwa pande zote mbili havina maajabu. Taulo, nguo ya kubadilisha, khanga au kitenge cha kujistiri maana hakuna chumba cha kuvalia na ni kijijini, watu wanapita na watoto wao, usivae kama uko Coco Beach. Raba za kutembelea na ndala za kwenye maji. Maji ya kunywa ya kutosha, Songwe hasa. Mfuko wa kurudishia taka zako, na tafadhali sabuni na shampuu usiingie nazo, maji yale yanateremka kwa watu wanaochota. Msimu, Juni mpaka Oktoba ndo kiangazi chetu, Machi na Aprili usinipigie simu.

Na kitu cha mwisho kwa wale wa ndege. Songwe Airport iko upande uleule wa maji moto, kwa hiyo kama unaondoka mchana au jioni, toka hotelini na begi lako kabisa asubuhi, nenda maji moto, oga, badili nguo, kula Mbalizi, ingia airport moja kwa moja. Huna haja ya kurudi mjini kupambana na malori. Mwambie tu dereva mapema muda wako wa kuripoti, na nguo zilizolowa zifunge kwenye mfuko wa peke yake, ule mwingine utie mayai.