Swali la lugha: Kisa kimoja, visa viwili

Msomaji anauliza: "Tangu utotoni nasema kisa kimoja, visa viwili. Rafiki yangu anadai kwamba neno hili ni la Kiarabu, kwamba 'ki' yake si kiambishi, na kwa hiyo 'visa' ni kosa. Je, ni kweli? Na kwa nini neno hilohilo lina maana ya hadithi na pia ya sababu?"

Kuhusu asili, rafiki yako amesema kweli. Kuhusu wingi, wewe ndiye uliye sahihi. Kisa limetokana na neno la Kiarabu qissa, na sauti yake ya kwanza ni sehemu ya mzizi wenyewe, kama ilivyo k ya kitabu. Lakini lilipopokewa katika Kiswahili, q iligeuka k, s nzito ikawa nyepesi, na neno likasikika sawa na kisu au kiti. Likaingia katika ngeli ya KI-VI na kupata wingi wa visa, kama kitabu kilivyopata vitabu, na kama kilabu, lililotoka katika Kiingereza, lilivyopata vilabu. Hilo si kosa la kusamehewa kwa sababu limezoeleka, bali ni sarufi ya Kiswahili ikifanya kazi yake: neno likishapokewa, hufuata kanuni za lugha iliyolipokea.

Jambo linalonivutia zaidi ni mzizi huo wa Kiarabu, q-s-s, ambao hubeba maana ya kukata na pia ya kufuata nyayo. Kusimulia kumetoka katika maana hii ya pili, kwa kuwa msimulizi hulifuata tukio hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata alama za miguu mchangani. Ushahidi ulio wazi umo katika Kurani, sura ya 28, ambayo jina lake lenyewe ni Al-Qasas. Katika aya ya 11, mama yake Musa, baada ya mtoto kutiwa mtoni, anamwambia dada wa mtoto amfuatie, na kitenzi kilichotumika ni cha mzizi huu. Katika aya ya 25, Musa aliyekwisha kuwa mtu mzima anamsimulia mzee aliyempokea ugenini yote yaliyompata, na mzizi wa kitenzi ni uleule. Kufuata na kusimulia vimekaa katika sura moja, aya kumi na tatu tu baina yake.

Mzizi huo umetupa maneno mengine ambayo wengi hawayahusishi na kisa. Mkasi umetoka upande wa kukata, na m yake ya Kiarabu nayo tumeifanya kiambishi, tukapata mikasi. Kisasi kimetoka katika qisas, yaani malipo ya jinai kwa mfano wake, na wingi wake, visasi, umepatikana kwa njia ileile ya visa.

Sasa maana ya sababu haishangazi tena. Anayeuliza "Kisa cha ugomvi wao ni nini?" haombi masimulizi ya kumstarehesha, anataka arudishwe nyuma, unyayo kwa unyayo, mpaka pale ugomvi ulipoanzia. Ndiyo maana tunasema pia "kisa na maana", na kwamba fulani alipigwa "bila kisa". Hadithi haliwezi kutumika hapo. Hadithi ni neno pana, na moja huweza kubeba visa vingi ndani yake, ilhali kisa ni mfululizo wa tukio moja lenye chanzo na matokeo. Wingi wake umejipatia hata maana ya vitimbi: mtu "mwenye visa" ni msumbufu, na "kumfanyia mtu visa" ni kumchokoza au kumtesa kwa makusudi. Magazeti nayo huandika "visa vya kipindupindu", yaani matukio ya watu kuugua, na matumizi hayo hayana dosari.

Yapo matumizi mamoja ninayokuomba uyaangalie kwa makini, nayo ni ya kisa kama kiunganishi: "Amemnunia mwenzake kisa amechelewa." Linganisha na "Amemnunia mwenzake kwa sababu amechelewa." Sentensi ya pili inataja sababu tu. Ya kwanza inaitaja na papo hapo kuihukumu: msemaji anaona kwamba kuchelewa ni jambo dogo, halistahili kununiwa. Ni uwezo mzuri wa lugha, nami sikubaliani na wanaouita uharibifu. Hata hivyo, katika ripoti au barua rasmi, ukiandika "Mfanyakazi amesimamishwa kisa hakufika kazini," msomaji atajua uko upande wa nani hata kama hukukusudia kusema hivyo.