Chupa za plastiki iliyorejelezwa: eti "joto linaua kila kitu"

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Sisi ni wasindikaji wadogo watano wa mafuta ya alizeti hapa Singida. Tumeungana tuagize chupa za lita moja kwa pamoja ili bei ishuke. Mtengenezaji anatuuzia zenye asilimia 30 ya plastiki iliyorejelezwa. Anasema ni salama kwa sababu zina pembetatu yenye namba 1, na plastiki inayeyushwa kwenye nyuzi 260, joto linaloua vijidudu vyote. Malipo ya awali tumeshatoa. Tuendelee?

JIBU: Ndugu zangu, kuungana mmefanya vizuri. Msiendelee kwanza. Hiyo hadithi ya joto na vijidudu naletewa kila mara, na kila anayeileta ameuziwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Nani kasema shida ni vijidudu? Kwenye nyuzi 260 hakuna kinachopona, nakubali. Lakini kabla ya kufika kwenye mashine, chupa kuukuu iliyotoa plastiki hiyo ilikuwa wapi? Tunajua wenyewe. Maji yakishanywewa, chupa inakwenda kununuliwa mafuta ya taa, inapimiwa dawa ya kupulizia mahindi, inachanganyiwa rangi. Plastiki si glasi, inafyonza. Kemikali zinazama ndani ya kuta zake, sabuni haizifikii, na kuyeyusha kwa dakika chache kunatoa sehemu tu. Zinazobaki zinahamia chupa mpya. Na ninyi mnajaza mafuta, si maji! Kemikali nyingi za aina hiyo huyeyuka kwenye mafuta kirahisi kuliko kwenye maji.

Pembetatu nayo inataja aina ya plastiki, basi. Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa za maji, na namba 2 ni HDPE, plastiki ya madumu. Chupa ya kemikali inaweza kubeba namba 1 ileile. Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 kurahisisha uchambuzi wa taka. Anayezigeuza cheti cha usalama ama hajui kazi, ama anaijua mno.

Sisemi PET iliyorejelezwa haifai. Ulaya, chupa za PET za vinywaji zinatakiwa kuwa nayo angalau asilimia 25 tangu 2025. Ila angalieni kazi inayofanyika. Chupa zinachambuliwa ili zile ambazo hazikuwa za chakula zisizidi asilimia 5. Zinasagwa, vipande vinaoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kisha vinakaa saa kadhaa kwenye nyuzi 200 hivi, hewa ikiwa imenyonywa, ili kemikali zitoke. Mtambo wenyewe unapimwa kwa kulishwa vipande vilivyochafuliwa makusudi, halafu wanaangalia kimebaki nini. Gharama yake ndiyo inayofanya kampuni zishikane: mmoja anakusanya, mwingine anasafisha, mwingine anapuliza chupa, na mwenye bidhaa anaahidi kununua kwa miaka. Mtu mwenye mashine ya kusagia na karai la sabuni uani hawezi kuifanya peke yake, hata akiwa na nia njema.

Madumu ndiyo yananinyima usingizi zaidi. HDPE inafyonza na kuachia kemikali haraka kuliko PET, na bado naona dumu lililokaa na dizeli likisuuzwa kwa mchanga na majani, likajazwa mafuta ya kupikia. "Halinuki tena," wanasema. Pua haipimi dawa ya wadudu.

Kwa hiyo mwambieni awaonyeshe vitu viwili kwa maandishi: malighafi yake inatoka wapi na imesafishwa kwa mtambo gani, na majibu ya maabara ya chupa yenyewe, iliyojazwa mafuta na kukaa siku 10 kwenye nyuzi 40. Gharama ya kipimo mkigawana watano haitawaumiza. Akianza kuzungukazunguka, chupa zenu zitoke kwenye plastiki mpya, na malipo ya awali yahamie kwenye kreti za kusafirishia. Hizo hata zikiwa za plastiki iliyorejelezwa kwa asilimia 100, hazigusi mafuta.