Mtandao, intaneti, wavuti, tovuti: kipi ni kipi?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha kundi dogo la watu wazima kutumia simu janja na kompyuta. Juzi tulikuwa tunajaza fomu. Palipoandikwa "Anwani ya tovuti", mama mmoja akaandika anwani yake ya barua pepe. Nilipomwambia siyo hiyo, akaniuliza, "Kwani vyote si mtandao?" Nikakosa jibu. Je, mtandao, intaneti, wavuti na tovuti ni maneno manne ya kitu kimoja? Na tuseme "wavuti huu" au "wavuti hii"?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Swali la huyo mama limegusa penyewe. Kweli, vyote ni mtandao, na tatizo liko hapo hapo: neno mtandao tumelitwisha kila kitu, hata limekaribia kutotofautisha chochote. Lakini maneno hayo manne si ya kitu kimoja, na kuyatenganisha hakuhitaji utaalamu wa kompyuta.

Tuanze na mtandao lenyewe. Asili yake ni kitenzi tanda. Wingu hutanda angani, ukungu hutanda bondeni, mfumaji hutanda nyuzi zake kabla hajaanza kufuma. Buibui naye hutanda, ndiyo maana alichokijenga tunakiita tandabui, au utando wa buibui. Nalipenda sana neno hili. Kabla kompyuta haijatufikia tulikuwa nalo tayari, tukisema mtandao wa barabara, mtandao wa reli, mtandao wa mabomba ya maji, hata mtandao wa wezi. Popote vitu vingi vilipoenea na kushikana, mtandao ulikuwapo. Kompyuta zilipounganishwa, Kiswahili hakikuhitaji kuazima.

Ila leo mtu akisema "mtandao unasumbua" anaweza kuwa anasema mambo matatu tofauti. Huenda simu yake haishiki mnara. Huenda mnara anaushika, ila data haipiti. Huenda data inapita, ila ukurasa mmoja umegoma. Na akisema "wamemwandika mtandaoni", hapo hamaanishi hata kimoja kati ya hivyo, anamaanisha Facebook na ndugu zake, ambao jina lao kamili ni mitandao ya kijamii.

Hili lina gharama. Rafiki yangu alinipigia simu siku moja amekasirika: "Mtandao umekufa tangu asubuhi." Nikamuuliza, mbona nakusikia vizuri? Basi mtandao wa simu upo. Nikamuuliza kama WhatsApp inapokea ujumbe. Inapokea, tena picha zimeingia muda huo huo. Basi intaneti nayo ipo. Nikamwomba afungue ukurasa mwingine wowote kwenye kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia kurasa. Ukafunguka. Kilichokufa kilikuwa tovuti moja tu, ile aliyokuwa anaihitaji, seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa zake na kuzitoa zikiombwa, ilikuwa haijibu. Alikuwa ameshazima na kuwasha simu mara kadhaa na kununua kifurushi kipya cha data. Angejiambia tangu mwanzo "tovuti hii haifunguki", neno hilo tu lingemwonyesha kwamba kosa haliko kwake, akaiacha simu yake ipumzike.

(Nimeanza pia kusikia "mtandao uko chini". Huo ni msemo wa Kiingereza uliovaa kanzu. Kwetu mtandao hukatika, husumbua, hupotea, hurudi. Hautui chini.)

Sasa intaneti. Hii ni mtandao wa mitandao, na hata Kiingereza kililiunda jina hilo hivyo, kwa kutanguliza kiambishi chenye maana ya "baina ya" mbele ya neno la mtandao. Vyuo vina mitandao yao, makampuni yana yao, nchi zina zao, kila mmoja una nyaya na mashine zake, na yote imekubali kuzungumza kwa kanuni zile zile. Kanuni hizo huitwa TCP/IP. Walioanza kuzibuni ni Vint Cerf na Bob Kahn, Wamarekani, katika miaka ya 1970. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa utafiti wa Marekani ulioitwa ARPANET ukahamia kwenye kanuni hizo, na wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku intaneti ilipozaliwa. ARPANET yenyewe ilianza 1969. Ujumbe wake wa kwanza, tarehe 29 Oktoba, ulikusudiwa uwe neno LOGIN. Zilifika herufi mbili, L na O, kisha mashine ya upande wa pili ikagoma.

Wanafunzi wako waelewe kwamba intaneti ni vitu vinavyoshikika: nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari, minara, ruta (mashine zinazoelekeza data njia ya kupita), seva zinazounguruma kwenye vyumba vyenye baridi. Kazi yake ni kubeba. Picha unayomtumia mtu hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, kila pakiti hupewa anwani ya iendako, pakiti hizo zinaweza kupita njia tofauti, na zikifika huungwa tena kuwa picha. Intaneti haijali kama imebeba sauti, barua au filamu.

Wavuti ni mojawapo ya vinavyobebwa. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, aliandika pendekezo lake Machi 1989, na kufikia mwisho wa 1990 alikuwa na seva, kivinjari na kurasa za mwanzo. Sasa hesabu. Kutoka zile herufi mbili mpaka pendekezo hilo ni karibu miaka ishirini. Muda huo wote watu waliunganishwa, wakatumiana mafaili na barua, na wavuti haukuwapo. Barua pepe iliyovuka kutoka mashine hadi mashine, ikiwa na alama ya @ katikati ya anwani, ni kazi ya Ray Tomlinson ya mwaka 1971. Kwa umri, basi, barua pepe ni mkubwa wa wavuti kwa karibu miongo miwili. Hili ndilo jibu ambalo ningempa mama yule: barua pepe na tovuti hupita njia moja, ila hazikuzaliwa pamoja wala hazifanyi kazi moja. Kinachotuchanganya ni kwamba siku hizi wengi tunasoma barua pepe ndani ya kivinjari, tukadhani ni sehemu ya wavuti. WhatsApp nayo hutumia intaneti, na ujumbe wake unaingia hata kama kivinjari hujakigusa wiki nzima.

Alichokileta Berners-Lee kwenye intaneti ni kiungo: neno ndani ya ukurasa ambalo ukiligusa unajikuta kwenye ukurasa mwingine, hata kama ukurasa huo umehifadhiwa nchi nyingine na mwenyewe humjui. Viungo vikizidi kuongezwa, kurasa zinashikana kila upande kama tandabui, na hiyo ndiyo picha iliyomo katika jina World Wide Web, utando wa dunia nzima. Ukisikia wavuti, sikio linakimbilia wavu, na mimi naliacha likimbie. Wavu ni nyuzi na mafundo. Kila fundo ni mahali nyuzi zinapokutana, na ukiushika popote unaweza kuuvuta mpaka upande wa pili. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, bure, na hapo ndipo wavu ulipoanza kutanda kwa kasi.

Jambo lililonifurahisha nilipolisoma ni kwamba suala lako la majina lilimkuta hata mbunifu mwenyewe. Kivinjari chake cha kwanza alikiita WorldWideWeb, jina lile lile la kitu kinachovinjariwa. Watu wakachanganya chombo na kilichomo, ikabidi baadaye kivinjari hicho kipewe jina jipya, Nexus. Kwa hiyo mama yako darasani asione haya.

Tovuti ni makazi ya mtu mmoja au taasisi moja ndani ya wavuti. Namna bora ya kuiona ni kuichambua anwani. Chukua hii, ambayo ni anwani ya ukurasa wa kwanza kabisa, na nakala yake inafunguka hadi leo: http://info.cern.ch/hypertext/WWW/TheProject.html. Herufi za mwanzo, http, ni itifaki, yaani namna ambayo kivinjari na seva wamekubaliana kuzungumza. Siku hizi mara nyingi utaona https, na ile s inasema kwamba mazungumzo yenu yamefungwa kwa siri, mtu wa njiani asiyasome. Haisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye huweka s. Hili wafundishe mapema, kabla hujawafundisha kununua chochote.

Kinachofuata, info.cern.ch, ndilo jina la tovuti. Lisome kutoka kulia kwenda kushoto: ch ni Uswisi, cern ni taasisi, info ni sehemu yake. Kusoma kutoka kulia si pambo. Anayetaka kukulaghai huweka jina unaloliamini mwanzoni kabisa, kushoto, ambako macho hufikia kwanza, na jina la mwenye halisi wa tovuti analisukuma mwisho, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata ile miwili ya http://. Yaliyo baada ya mkwaju huo yanataja ukurasa mmoja ndani ya tovuti. Ndiyo kusema ukurasa si tovuti, kama ambavyo chumba si nyumba, na "nimefungua tovuti tatu" si sawa na "nimefungua kurasa tatu" kama zote tatu ni za mwenye mmoja.

Hapa niwe mkweli kuhusu matumizi. Waandishi wengi, na kamusi pia, hulitumia wavuti kwa maana ya tovuti, na huwezi kusema wamekosea. Mimi nashauri tugawane kazi: wavuti uwe ule mzima, tovuti iwe moja moja ndani yake. Tuna maneno mawili na vitu viwili. Kuyaacha yote mawili yafukuzie kitu kimoja ni hasara.

Ngeli sasa. Intaneti na tovuti hazina ubishi: intaneti hii, tovuti hii, tovuti hizi. Wavuti wengi huliweka kwenye ngeli hiyo hiyo, "wavuti hii", na ukiandika hivyo sitakusahihisha. Mimi husema "wavuti huu", na umeshaona nimefanya hivyo tangu juu, kwa sababu nikilisikia nasikia wavu, na wavu ni "huu". Uchague moja na usiyumbe nayo darasani.

Kivinjari nimekitaja mara kadhaa, basi nisikipite. Kuvinjari ni kwenda huku na huko ukiangalia, kama chombo kinachofanya doria pwani. Aliyekichukua kitenzi hicho akakitilia ki- alitupa neno zuri. Chrome, Firefox na Safari ni vivinjari. Google ni tovuti ya kutafutia, unayoifungua ndani ya kivinjari, na wanafunzi wengi huamini ndiyo intaneti yenyewe kwa sababu ndicho kitu cha kwanza wanachokiona. Waonyeshe kwamba anwani wanayoijua wanaweza kuiandika moja kwa moja pale juu, bila kuitafuta.

Na mtandaoni? Ni neno sahihi, lina -ni yake ya mahali, na upatanisho wake unafuata mahali: mtandaoni kuna habari, mtandaoni mna mengi. Ninachoomba ni kwamba lisitumike kama chanzo. "Nimeisoma mtandaoni" haina tofauti na kusema "nimeisoma kwenye karatasi". Karatasi ipi? Mwanafunzi akikuletea habari ya dawa au ya fedha aliyoisoma "mtandaoni", mwombe jina la tovuti. Akishazoea kulitaja atazoea pia kulitazama kabla hajasoma.

Kwenye fomu ile, mpe mama alama mbili tu za kuangalia. Anwani yenye @ katikati ni ya barua pepe. Isiyo na @, yenye nukta na pengine mikwaju, ni ya tovuti. Na kama hana tovuti, kama wengi wetu tusivyo nayo, kisanduku hicho akiache wazi.